Mali ya Yatima na Viumbe Wanaokwisha



Limeletwa mbele ya darasa yetu hapa Utange suali ambalo twaona si la mtu mmoja. Mwalimu mmoja wa skuli amewasomesha wanafunzi wake khabari za viumbe walio katika hatari ya kwisha duniani. Akawataja kasa na nguva, akawaeleza kwamba sheria ya nchi imekataza kuwaua. Mtoto mmoja akarudi kwao na maneno hayo, na baba yake ni mvuvi. Siku ya pili mzee huyo akamwendea mwalimu akamwambia mambo matatu. La kwanza, kwamba kasa ni riziki iliyotolewa baharini na Mwenyezi Mungu, na wazee wetu wamemla tangu zamani. Basi ni nani leo wa kuharimisha walichokila wazee? La pili, kwamba watoto hawa wana haja ya hesabu na lugha na kazi ya mikono, wala hawana haja ya wanyama ambao wengi wao hawatawaona maishani. La tatu, na hili ndilo lililomuuma zaidi, kwamba mwanawe amemtazama kwa jicho la kumhukumu mbele ya mama yake.

Hatupendi kumjibu mzee huyu kwa kumcheka, wala kwa kumwambia kuwa mambo haya ni ya wataalamu na yeye hayajui. Maneno yake yana uzito. Aliyeyasema ni mtu anayelala na wasiwasi wa chakula cha kesho, na katika kila moja ya hoja zake tatu mna sehemu ya haki. Kwa hivyo yatupasa tuzipime moja baada ya moja kwa insafu, kisha tuseme tunaloliona kuwa sawa: je, ni wajibu kuwafundisha watoto khabari za viumbe wanaokwisha? Na kama ni wajibu, watafundishwa vipi?

Kwanza na tujue kitu chenyewe, maana kuhukumu jambo ni tawi la kulifahamu.

Katika bahari yetu hii ya Kenya kuna aina tano za kasa. Wazee wetu waliwapa majina: kasa mwenyewe, na ng'amba mwenye magamba ya thamani, na duvi, na noa, na wengineo. Biashara ya magamba ya ng'amba ni kongwe mno katika pwani hii. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kilichoandikwa yapata miaka elfu mbili iliyopita, kiitwacho Periplus, kinayataja magamba hayo miongoni mwa bidhaa zilizotoka pwani ya Afrika Mashariki. Basi watu wa pwani wamemvua kasa kwa karne nyingi na hakwisha. Mzee wetu akisema kuwa wazee walikula, amesema kweli.

Lakini kasa si kama dagaa. Jike hutaga mayai mia moja na zaidi katika shimo moja la mchanga, na mayai hukaa yapata miezi miwili kabla ya kuanguliwa. Watoto wakitoka, hukimbilia maji huku kaa na ndege wanawangoja, na ndani ya maji samaki wanawangoja. Hukisiwa kuwa katika elfu moja huenda akasalimika mmoja tu hata akawa mkubwa. Na huyo mmoja hukaa miaka ishirini na tano au zaidi kabla ya kutaga yai lake la kwanza. Maana yake ni kwamba kasa aliyeanguliwa mwaka huu katika mchanga wa pwani yetu, huenda asitage mpaka mwanafunzi wa leo awe mzazi mwenye watoto wa skuli. Anayemuua kasa mkubwa pwani siku anapotoka kutaga, ameua kazi ya miaka thelathini kwa usiku mmoja.

Nguva naye ni zaidi ya hayo. Watoto wengi wa siku hizi humjua nguva kwa hadithi tu: nusu mwanamke, nusu samaki. Wengine hawajui kabisa kuwa ni mnyama wa kweli, mnyonyeshaji, mpole, anayekula majani yaotayo chini ya bahari. Nguva jike huzaa mtoto mmoja, na baina ya mtoto na mtoto hupita miaka mitatu hata saba. Mwaka 2022, Shirika la Kimataifa la Kuhifadhi Maumbile, lililoundwa mwaka 1948, lilitangaza kwamba nguva wa pwani yote ya Afrika Mashariki wamo katika daraja ya mwisho ya hatari, na kwamba wakubwa waliobaki wa kuweza kuzaa hawafiki 250. Kundi la maana lililobaki ni la visiwa vya Bazaruto, nchi ya Msumbiji. Huku kwetu nguva amekaribia kuwa jina lisilo na mwenyewe.

Na lisidhaniwe kuwa haya ni maneno ya kutishana tu. Yamekwisha kutokea. Mwaka 1741 mabaharia wa Kirusi waliovunjikiwa na chombo katika bahari ya Bering walimwona mnyama mkubwa wa jamaa ya nguva, mpole kama yeye, asiyejua kukimbia. Kila chombo kilichopita baadaye kilimuua kwa chakula. Ulipofika mwaka 1768 hakuonekana tena, wala hajaonekana mpaka leo. Miaka ishirini na saba ilitosha. Na hapa kwetu Kenya, tarehe 19 Machi 2018, alikufa huko Ol Pejeta, Laikipia, kifaru aliyeitwa Sudan, dume wa mwisho wa kifaru mweupe wa kaskazini. Akaacha nyuma yake binti yake na mjukuu wake, majike wawili wasio na mume duniani.

Wahenga wamesema: mali bila daftari huisha bila khabari. Na wamesema pia: chovya chovya humaliza buyu la asali. Misemo hii miwili yatosha kueleza namna kiumbe anavyokwisha. Hakuna anayekusudia kummaliza. Kila mmoja huchovya kidole chake, na hakuna mwenye daftari.

Sasa twaingia katika hoja ya kwanza ya mzee, yaani halali na haramu.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamekhitalifiana juu ya kuliwa kasa, na hapa si mahali pa kuifungua khitilafu hiyo. Na tumkubalie mzee, kwa ajili ya mazungumzo, kuwa nyama hiyo ni halali. Je, suali limekwisha? Hata kidogo. Kuhalalishiwa kula ni jambo moja, na kuhalalishiwa kumaliza ni jambo jengine. Maji ya kisima cha msikiti ni halali kwa kila mwenye kutawadha, lakini hakuna mwanachuoni atakayesema kuwa mtu mmoja aweza kuyateka yote akayamwaga, kisha awaambie waliokuja kwa Alasiri kuwa maji yalikuwa halali yake. Kuwinda ni halali, lakini aliyehirimia Hija amekatazwa mawindo ya bara kwa muda wa ihramu yake, na amewekewa fidia akiua kwa makusudi, kama ilivyo katika Suratul-Maida. Mnyama yule yule aliyekuwa halali jana, leo hauawi. Basi mtu asistaajabu akiambiwa kwamba jambo la halali laweza kuwekewa mpaka kwa wakati na kwa mahali. Mpaka si kitu kigeni katika dini yake.

Twapenda hapa kumkumbusha msomaji hukumu moja aijuayo kila aliyesoma mlango wa wasia. Mtu akifa akaacha watoto wadogo, mali yao hushikwa na wasii. Mali hiyo si yake, nayo i mkononi mwake. Katika Suratun-Nisaa, aya ya sita, wasii amewekewa mambo matatu. Aliye tajiri ajizuie asiile mali ya yatima. Aliye masikini aweza kula kwa kadiri ya ada njema, bila kufanya israfu na bila kuwahi kuimaliza kabla yatima hajakua. Na wakati wa kumkabidhi yatima mali yake, awepo shahidi.

Hatudai kuwa aya hii imeshuka kwa ajili ya kasa na nguva. Twaitoa kwa njia ya kuzingatia, na mwenye akili huzingatia. Watoto hawa walioko madarasani, na wale ambao hawajazaliwa, ni warithi. Bahari na misitu na viumbe vilivyomo ni mali iliyoko mikononi mwetu kabla haijafika mikononi mwao. Nao hawawezi kutudai, kwa kuwa wengine ni wadogo na wengine hawajafika duniani. Hali ya mtu asiyeweza kudai ndiyo hali ya yatima khasa. Ikiwa ni hivyo, basi hukumu zote tatu zatufaa. Tajiri ajizuie: mwenye pesa anayenunua gamba la ng'amba kwa pambo, au nyama ya kasa kwa tamaa, hana udhuru wowote. Masikini ale kwa ada njema: hatumwambii mvuvi aache bahari, twamwambia ale kinachozaa upesi, na asikiguse kile kilichokaribia mwisho. Na ya tatu, ya shahidi na makabidhiano, ndiyo inayolijibu suali letu la kufundisha.

Maana kumkabidhi mtu mali yake si kumpa kilichobaki ukanyamaza. Ni kumwambia: hii ndiyo mali aliyoiacha baba yako, hiki kimetumika, hiki kimepotea, hiki kimebaki. Wasii anayempa kijana ng'ombe wawili, akamficha kuwa walikuwa ishirini, amefanya khiyana hata kama hakula yeye mwenyewe wale kumi na wanane. Kwa hivyo kumfundisha mtoto jina la nguva, na idadi yake, na sababu ya kupungua kwake, ni kumfungulia daftari ya urithi wake. Hiyo ni haki yake kwetu. Mtoto asiyejua kuwa nguva alikuwako hapa hawezi hata kuhuzunika, wala hawezi kuuliza nani aliyekula. Na sisi tutakuwa tumepata salama yetu kwa ujinga wake. Salama ya namna hiyo haina heshima.

Sasa hoja ya pili: kwamba wana haja ya mambo mengine makubwa zaidi.

Ni kweli kuwa watoto wetu wana upungufu wa mengi. Lakini twaona kosa katika hoja hii, nalo ni kudhani kwamba elimu ya viumbe itangojea mpaka shida za wanaadamu zishe. Shida za wanaadamu hazijapata kwisha tangu Adamu. Na tumtazame Nabii Nuhu, alayhis-salaam. Siku ya tufani ilikuwa siku ya msiba mkubwa kuliko misiba yote ya wanaadamu. Watu wake walikuwa wakizama, na mwanawe mwenyewe alizama. Na juu ya hayo aliamrishwa achukue ndani ya jahazi wawili wawili wa kila namna, kama ilivyotajwa katika Suratu Hud. Hakusema kuwa nafasi ni ndogo na watu ni bora. Wala hatukusimuliwa kuwa aliambiwa awachague wenye manufaa akawaacha wasio na manufaa.

Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Watetezi wengi wa viumbe siku hizi hutafuta kutushawishi kwa faida. Husema, mlindeni kasa kwa kuwa watalii watakuja, nanyi mtapata pesa. Hoja hii si uwongo, lakini ni dhaifu, na ni khatari kumfundisha mtoto kwayo peke yake. Ukimwambia mtoto kuwa kasa alindwe kwa sababu analeta pesa, umemfundisha pia kuwa asiyeleta pesa auawe. Na siku watalii wasipokuja, kasa hana mtetezi. Katika Suratul-An'am, aya ya 38, tumejuvya kwamba wanyama watambaao na ndege warukao ni umma kama sisi. Na katika Suratud-Dukhan tumejuvya kuwa mbingu na ardhi na vilivyo baina yao havikuumbwa kwa mchezo. Anayeamini hayo hawezi kusema kuhusu kiumbe yeyote kuwa hana maana. La kusema ni kuwa maana yake sijaijua.

Na ushahidi wa jambo hili hauko mbali na sisi. Kila mkaazi wa Utange anajua machimbo ya Bamburi, ambako mawe ya matumbawe yalichimbwa kwa ajili ya saruji tangu miaka ya 1950, pakabaki shimo jeupe lisiloota kitu. Mwaka 1971 bwana mmoja, Rene Haller, alianza kupanda miti humo, na ulioshika khasa ni mvinje. Lakini majani ya mvinje yaliyoanguka hayakuoza, basi udongo haukupatikana. Aliyeufanya udongo ni jongoo. Waliletwa majongoo wekundu wa miguu, wakayala majani hayo, na kutoka katika mavi yao ukaanza udongo, na kutoka katika udongo ukaota msitu unaoonekana leo. Watoto wetu huenda pale kumtazama twiga na kiboko. Ni wangapi katika waalimu wao wanaowainamisha wakamtazama jongoo, ambaye mtoto humkanyaga kwa kiatu chake akiona kuwa si kitu?

Na kuna mfano mwengine. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kaskazini yetu, yuko bundi mdogo anayeenea kiganjani mwa mtu, aliyeandikwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Hajulikani duniani ila katika sehemu chache, zikiwemo msitu huo na misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Msitu ukikatwa, amekwisha. Na tumwambie nani amhurumie bundi, hali watu wetu bado wanamfukuza kwa mawe na kusema kuwa akilia juu ya paa patakufa mtu? Jambo hili ni katika ujahili wa kale. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wa sallam, alikanusha itikadi ya mikosi na itikadi ya Waarabu wa zamani juu ya bundi, na khabari hiyo ni sahihi na mashuhuri. Mtoto anayefundishwa kwamba bundi ni ndege katika ndege, anayekula panya na wadudu, na kwamba hana khabari yoyote ya mauti ya mtu, amepata mambo mawili kwa somo moja: amesalimika bundi, na imesalimika itikadi yake.

Imebaki hoja ya tatu, nayo ndiyo nzito zaidi kwetu: mtoto kumhukumu baba yake.

Twasema wazi kuwa somo lolote linalomfanya mtoto amdharau mzazi wake limeharibika, hata kama kila neno lake ni kweli. Na kuharibika huku hutokana na kusema nusu ya ukweli. Mtoto akiambiwa kuwa kasa wanakwisha kwa sababu ya wavuvi, amedanganywa. Kweli yote ni kwamba kasa wamekufa pia katika nyavu za kukokota za meli kubwa zilizovua kamba katika Ghuba ya Ungwana. Wamekosa pa kutaga kwa sababu ya majumba na kuta zilizojengwa juu ya mchanga wa pwani. Taa kali za mahoteli huwapoteza watoto wa kasa usiku, wakaelekea barabarani badala ya kuelekea baharini. Mifuko ya plastiki wanayoila kwa kuidhania ni kiwavi cha bahari hutupwa na sisi sote, wa mjini na wa shamba. Na magamba ya ng'amba hayakuvaliwa na wake wa wavuvi. Yalisafirishwa kwenda Ulaya na Asia kwa matajiri. Mvuvi wa ngalawa ana sehemu yake katika dhambi hii, na sehemu yake ni ndogo. Mwalimu anayemtaja yeye peke yake amekuwa kama kadhi anayemhukumu mwizi wa kuku na kumwamkia mwizi wa zizi.

Katika fiqhi tuna hukumu iitwayo fardhi kifaya. Ni wajibu ulio juu ya watu wote kwa pamoja. Wakiufanya wachache, wengine husalimika, na wote wakiuacha, wote hupata dhambi. Maiti asiyeoshwa wala kuzikwa hana mkosaji mmoja. Mji mzima umekosa. Twaona kuwa kulinda kiumbe kisiishe ni mfano wa hayo. Hakuna mtu mmoja aliyemmaliza nguva, na kwa sababu hiyo kila mtu hujiona hana kosa. Hukumu hii yatufundisha kinyume chake: kukosekana kwa mkosaji mmoja hakuwi udhuru kwa wengi. Mtoto akifahamishwa hivi, hatamtazama baba yake kwa jicho la hakimu. Atamtazama kwa jicho la mshirika katika deni, na yeye mwenyewe amo katika deni hilo.

Na tusimfiche mvuvi jambo jengine linalomhusu nafsi yake na watoto wake. Mwezi wa Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa hospitali. Nyama ya kasa wakati mwengine huwa na sumu, na kuipika hakuiondoi. Aliyeyasikia haya kisha akamlisha mwanawe nyama hiyo, hana la kusema. Lakini tumeitaja khabari hii kwa ajili ya nasaha tu. Hatukuifanya ndiyo msingi wa hoja yetu. Lau nyama ya kasa ingekuwa dawa, bado yasingetuhalalikia kumaliza asili yake.

Baada ya haya, twasema kuwa jawabu la suali ni ndiyo: ni wajibu kuwafundisha. Nayo yataka adabu zake, tutazitaja nne.

Ya kwanza, mwalimu aanze na majina yetu wenyewe. Watoto wa Kisauni hujua simba na tembo kwa picha, na hawajui tafauti ya kasa na ng'amba walioko maili chache kutoka majumbani mwao. Bahari iliyo mbele ya Shanzu na Bamburi imehifadhiwa tangu mwaka 1986 kwa jina la Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, na wako watoto wa hapa waliofika umri wa kuoa bila kujua kilichomo ndani yake.

Ya pili, mwalimu wa kwanza wa somo hili awe mvuvi mwenyewe. Aitwe darasani kwa heshima, akae kwenye kiti, aulizwe: ulipokuwa kijana, kasa walikuwa wangapi? Walitaga wapi? Baba yako alimwona nguva? Kwa njia hii mzee atakuwa shahidi wa makabidhiano, na hatakuwa mshitakiwa. Elimu aliyo nayo haimo katika vitabu vya skuli, na akifa bila kuulizwa itazikwa naye.

Ya tatu, mtoto asifundishwe kwa kutishwa wala kwa kulizwa tu. Aonyeshwe pia waliorudi. Kisiwani Pemba yuko popo mkubwa mla matunda asiyepatikana popote duniani ila huko. Katika miaka ya 1990 alihesabiwa kuwa karibu kwisha kwa kuwindwa na kukatiwa misitu. Wanavijiji wakaunda jumuiya za kulinda mahali anapolala, na waalimu wakawafundisha watoto khabari zake, hata ulipofika mwaka 2008 akateremshwa katika daraja ya hatari kwa kuwa maelfu yalikuwa yamerejea. Na katika kisiwa cha Misali, karibu na hapo hapo Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1990 masheikh walikaa na wavuvi wakawasomesha mambo ya uhifadhi kwa aya za Qur'ani, na wavuvi ambao hawakuitikia sana amri za serikali waliyasikiliza maneno hayo. Huu ni mfano kwetu sisi wa vyuoni na madarasani. Kazi hii si ya skuli za serikali peke yake. Ni aibu kwetu kusubiri wageni watukumbushe yaliyomo katika msahafu wetu.

Ya nne, mtoto apewe kazi ya kufanya iliyo ndani ya uwezo wake. Aokote mifuko ya plastiki pwani. Azuie mwenzake asimpige bundi mawe. Apande mkoko mmoja katika hori. Elimu isiyo na amali huwa mzigo, na kumbebesha mtoto huzuni asiyoweza kuifanyia lolote ni dhulma kwake.

Na wewe mzee wetu uliyelileta suali hili, twakwambia kwa heshima ya udugu: mwanao hakutumwa akuhukumu. Ametumwa akuulize. Amekuja kwako kama kijana aliyebaleghe anavyomjia wasii wake, akataka kujua kilichoachwa na kilichobaki. Mketishe karibu nawe, umwambie kweli yote unayoijua, uliyokula na uliyoyaona wakiyala wengine. Akikuuliza kwa nini hukumzuia mtu, mwambie kuwa hapakuwa na daftari. Kisha mwambie kuwa sasa ipo, na kwamba imefika mikononi mwake.

Wallahu aalam.